Kilomita za Cherehani

Pikipiki ya Kijiko ilikuwa inakunywa mafuta, na pale hospitalini hakuna aliyelibishia hilo, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mganga mkuu. Kijiko mwenyewe alilijua kuliko wote, ingawa ukimwambia alikununia siku tatu. Ilikuwa na miaka kumi na tisa. Alikabidhiwa ikiwa mpya, kiti bado kina nailoni yake, yeye akiwa na nywele nyeusi na meno yote, na tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuipanda. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo kwa kazi yake ya kushona, aliiita "mke mwenzangu". "Mke mwenzangu kaamkaje?" alikuwa akiuliza kila asubuhi, Kijiko kachuchumaa barazani anaifuta vumbi kabla hata hajanawa uso wake mwenyewe.

Hilo jina la Kijiko nalo lilitokana na pikipiki hiyo. Oili alikuwa akiiongeza kwa kijiko cha chai, akihesabu kwa sauti, na mtu akimsemesha katikati ya hesabu alianza upya. Wenzake walicheka weee, jina likaganda, na baada ya miaka michache hata mshahara nadhani angeweza kuupokea kwa jina hilo.

Kazi yake ilikuwa kubeba vipimo. Damu, makohozi na mikojo ya watu aliitoa katika zahanati kumi na mbili za pembeni akaileta maabara, kisha majibu akayarudisha. Leo zahanati hizi, kesho zile, kutegemea nani kapiga simu. Kwa hiyo safari zake hazikuwa na urefu maalumu na hakuna mtu aliyewahi kuzipima. Lishike hilo, msomaji, maana ndilo lililowaponza watu.

Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Ukitaka kujua Kijiko alikuwa na nini duniani, alikuwa na miezi hiyo kumi na minne, na nyuma yake kiinua mgongo ambacho kingeezeka chumba cha pili cha nyumba yao. Watoto hawakujaliwa. Kuta za chumba hicho zilisimama bila paa mwaka wa nane sasa, majani yameota ndani, nao waliishi katika chumba kimoja na kitanda, cherehani, na vitambaa vya watu. Akimwaga unga kabla ya siku yake, hapati kitu, na katika umri wake nani angempa kazi nyingine?

Ndipo akaja mkuu mpya wa usafiri. Walimwita Bwana Usafiri, kijana wa watu, mstaarabu, hajui kupaza sauti, na shati lake lilinyooka mpaka jioni. Wiki ya pili aliwakusanya wapanda pikipiki wote wanne uani, nje ya stoo.

"Wazee wangu na ndugu zangu," alisema, "mafuta yanatumaliza. Kuanzia mwezi ujao, kila pikipiki iende kilomita arobaini kwa lita moja. Isiyofika tutaiegesha. Na mwenye kuipanda tutamshukuru kwa kazi yake nzuri."

Wale watatu wengine walikuwa na pikipiki mpya, wakaitikia bila wasiwasi. Mmoja wao, Baba Pacha, alimtupia Kijiko jicho la huruma. Baba Pacha alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mkewe alikuwa amejifungua mapacha miezi minne iliyopita, na usingizi alikuwa akiulalia kwenye benchi la maabara. Kijiko ndiye aliyemfundisha kazi. Alimfundisha namna ya kufunga boksi la damu lisitikisike kwenye mashimo, na namna ya kumsalimia muuguzi aliyechoka. Baba Pacha alimwita "mzee wangu" na alimaanisha.

Jioni hiyo Kijiko alikwenda moja kwa moja kwa fundi, aliyekuwa na kibanda chake nyuma ya ukuta wa hospitali. Walifunga chupa ya soda kwenye usukani, wakatia nusu lita ya petroli, wakaunganisha mpira mpaka kwenye kabureta, na Kijiko akaondoka nayo mpaka ikazima. Kilomita kumi na tatu. Kwa lita nzima, ishirini na sita.

Fundi alifanya kazi siku nne. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaosha chujio la hewa, akalegeza breki ya nyuma iliyokuwa inakwaruza, akakaza cheni, akajaza upepo mpaka tairi zikalia kama debe. Wakafunga chupa tena. Kilomita kumi na tano.

"Thelathini," fundi akasema, akijifuta mikono. "Mzee, mimi nimefika mwisho. Ringi zimelika na silinda imepanuka. Unataka injini nyingine."

"Na ukibana mafuta kwenye kabureta?"

"Itaungua. Itakwenda vizuri wiki mbili tatu, utafurahi, halafu itakuachia njiani na damu za watu mgongoni."

Kijiko alirudi nyumbani akiisukuma, kana kwamba kuipanda ni kuizidishia dhambi. Alimkuta Mama Pindo kwenye cherehani anamalizia sare za shule. Alikaa kitandani, akamweleza yote, namba kwa namba, na alipofika kwenye thelathini sauti ilimkatika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mkewe kumwona analia tangu mazishi ya mama yake.

Mama Pindo hakuacha kukanyaga. Ndivyo alivyokuwa, akifikiri kwa miguu. "Hizo kilomita wanazihesabuje?" aliuliza.

"Mtunza stoo anasoma mita kila asubuhi. Anatoa ya jana, anagawa kwa mafuta."

"Na mita inazungushwa na nini?"

"Gurudumu la mbele. Kuna waya unatoka kwenye habu."

"La mbele tu?"

"La mbele tu."

"Basi mlete mke mwenzangu humu ndani," alisema Mama Pindo, "nimkimbize mimi."

Ilikuwa masihara. Naamini kabisa ilikuwa masihara, na wote wawili walicheka. Lakini kicheko kilipoisha walibaki wanatazama kitu kimoja, lile gurudumu kubwa la chuma chini ya cherehani, lililokuwa bado linazunguka taratibu.

Waliinyanyua pikipiki juu ya kreti la soda, gurudumu la mbele likaning'inia. Mama Pindo alitafuta mkanda mrefu wa ngozi, akaushona ncha kwa ncha, akauzungusha kwenye gurudumu la cherehani na kwenye habu, pale kati spoki zinapoanzia. Akakanyaga. Gurudumu likasita, likashika, likaanza kwenda kwa kishindo mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Kijiko alipiga magoti na tochi mbele ya mita. Tarakimu ya mwisho ilipanda, ikageuka, ikapanda tena.

"Tumetembea kilomita moja!" akapiga kelele.

"Tumefika wapi?" mkewe akauliza, jasho linamtoka, na wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Hicho kilikuwa kicheko chao cha mwisho cha kweli, ndiyo maana nimekisimulia.

Tangu hapo ikawa desturi. Kijiko alizunguka kilomita zake sitini kwa lita mbili, kisha jioni Mama Pindo alimshonea nyingine ishirini na mbili. Ilichukua kama saa nzima. Kishindo kile kilimeza kila sauti humo chumbani, hata mtu akibisha hodi ilibidi apige mlango kwa kiganja. Asubuhi mtunza stoo, mwanamke mwenye funguo nyingi asiye na neno na mtu, alisoma mita, akagawa, akaandika: arobaini na moja.

Wangeandika thelathini na tisa na nusu, wakahangaika kidogo, pengine mambo yangeishia hapo. Walitia chumvi. Kijiko aliogopa kuwa karibu na mstari, akataka awe juu yake kidogo, kama mtu anayeongeza kijiko kimoja cha oili kwa usalama.

Mwisho wa mwezi Bwana Usafiri aliwakusanya tena uani. Alikuwa na furaha isiyo na hila, na hiyo ndiyo iliyonichoma nilipoisikia habari hii. Alimvuta Kijiko mbele, akamshika bega.

"Mnamwona mzee huyu? Pikipiki ya miaka kumi na tisa, arobaini na moja kwa lita! Sasa ninyi wenye pikipiki mpya mnaniambia mnafika arobaini, na mimi nawapigia makofi? Kama bibi kizee anafika arobaini na moja, hizi zenu zifike hamsini. Nimeshapeleka hesabu makao makuu. Kuanzia kesho kila mwenye pikipiki mpya anapewa mafuta ya hamsini."

Watu walipiga makofi kwa sababu alipiga yeye. Kijiko alifungua mdomo. Akaufunga. Alijiambia kwamba atasema kesho, faragha, kwa utaratibu. Kesho yake picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na chini yake wameandika "Mfano wa kuigwa".

Sasa wale vijana watatu wakaanza kuteseka. Anayepewa mafuta ya hamsini na pikipiki yake inakwenda arobaini, tofauti anaitoa wapi? Mfukoni mwake. Wawili walinung'unika, wakatukana, wakatoa. Baba Pacha hakunung'unika. Yeye alikuja kwa mwalimu wake.

"Mzee wangu, nifundishe. Wewe unafanyaje?"

Na Kijiko, badala ya kusema, akafundisha. Alimfundisha kuzima injini juu ya kilima na kuteremka kimya mpaka bondeni. Alimfundisha kutoikamua gia, kukaza upepo, kujilaza nyuma ya lori ili upepo usimpige kifuani. Yote yalikuwa ya kweli, kila moja, na kila moja lilimwongezea uongo wake uzito. Baba Pacha alifuata kama mwanafunzi mwema. Kutoka arobaini akapanda mpaka arobaini na nne, na hapo akagota.

"Sifiki hamsini, mzee wangu. Nakosea wapi?"

"Utazoea," Kijiko akasema, akageuka kushughulika na boksi lake.

Damu ya kuongezea wagonjwa haikuwepo pale hospitalini. Ilifuatwa kwenye hospitali kubwa, kilomita arobaini na nne kwenda na arobaini na nne kurudi, barabara ya vilima na mashamba, na kazi hiyo ilikuwa ya Baba Pacha. Kwa hesabu ya hamsini alipewa lita moja na robo tatu. Ilimtosha kilomita sabini na saba. Zile kumi na moja za mwisho alikuwa akizinunua mwenyewe, kila safari.

Siku moja ya katikati ya wiki, saa nane mchana, mwanamke mmoja alijifungua na damu ikakataa kusimama. Baba Pacha alitumwa. Asubuhi ya siku hiyo mapacha wote wawili walikuwa na homa, na pesa yote aliyokuwa nayo alikuwa ameiacha kwenye duka la dawa. Alimwomba mtunza stoo amwongezee nusu lita tu. Mtunza stoo alimwonyesha karatasi ukutani, namba na mhuri. Akaondoka, akitumaini vilima.

Alizima injini kwenye kila mteremko. Aliipata damu, akalifunga boksi vizuri kama alivyofundishwa, akageuza. Pikipiki ilizima kilomita kumi na moja kabla ya kufika, pale pale ambapo hesabu ilisema itazima. Alipiga simu ofisi ya usafiri, lakini ilikuwa imepita saa kumi na watu wameshaondoka. Kisha akampigia Kijiko, mara mbili. Kijiko alikuwa nyumbani, amepiga magoti mbele ya mita, gurudumu linanguruma. Hakusikia.

Baba Pacha alisukuma. Alisukuma kilomita nane na boksi mgongoni, mpaka akamkuta muuza petroli wa chupa, akamwachia simu yake rehani kwa nusu lita. Alipoingia wodi ya wazazi shati lilikuwa limemganda mwilini. Muuguzi alipokea boksi, akaliweka mezani bila kulifungua. Yule mama alikuwa amekata roho nusu saa kabla. Mtoto alikuwa mzima, wa kike, amefungwa kwenye khanga ya mtu mwingine.

Kijiko aliziona simu mbili jioni hiyo, akapiga, namba haipatikani. Habari aliipata asubuhi getini. Alikaa kwenye kiti cha mlinzi bila kukaribishwa, na mlinzi akadhani ni sukari.

Uchunguzi ulifanyika baada ya siku tatu, kwenye chumba cha mikutano chenye meza ndefu na mapazia yaliyofifia. Walikaa watatu, Bwana Usafiri, mkuu wa wauguzi, na bwana mmoja mzito aliyetoka makao makuu. Hoja yao ilikuwa fupi. Lita moja na robo tatu inatosha kwenda na kurudi. Haikutosha. Basi iliyopungua imeuzwa.

"Sijauza hata tone," Baba Pacha alisema. Alikuwa amekaa kwenye benchi ukutani, kofia ngumu juu ya magoti. "Haifiki hamsini. Nimejaribu kila njia."

Yule bwana mzito akageuka kwa Kijiko, aliyeitwa kama shahidi. "Mzee, pikipiki yako ina miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Inakwenda kilomita ngapi kwa lita?"

Msimwonee huruma mapema. Alikuwa na nafasi. Hakuna aliyemkimbiza, chumba kilikuwa kimya, na nje mtu alikuwa anafagia uwanja polepole. Alifikiria kile chumba kisicho na paa. Alifikiria miguu ya mkewe ilivyovimba. Alihesabu miezi, ilikuwa imebaki kumi na mmoja. Kisha akamtazama Baba Pacha, na Baba Pacha alikuwa anamtazama bila shaka yoyote, kama mtu anayesubiri kusaidiwa.

"Arobaini na moja," Kijiko akasema.

Baba Pacha alifukuzwa kazi kabla ya saa sita mchana.

Jioni ya tatu baada ya hapo, kabla giza halijaingia, alibisha hodi kwa Kijiko. Alikuwa amekuja kwa miguu. Pikipiki ilikuwa juu ya kreti nyuma ya pazia, mkanda umeshafungwa, na Mama Pindo alikuwa ndiyo kwanza anakaa. Alitoka haraka, akavuta pazia nyuma yake.

"Karibu, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Homa imeshuka."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alikataa maji. Kisha alimgeukia Kijiko.

"Mzee wangu, sikuja kukulaumu. Wewe uliulizwa, ukajibu la kweli. Nimekuja unisaidie kitu kimoja. Kila nikifumba macho naipita ile barabara. Kilima cha kwanza nilizima injini. Cha pili nikazima. Cha shule nikazima, mpaka darajani. Gia sikuikamua. Upepo nilikaza. Sasa niambie, nilikosea wapi? Maana yule mama nimemuua mimi, na sijui nimemuulia wapi."

Kijiko aliangalia sakafu. Ni vibaya kumwona mtu mzima katika hali ile, na ni vibaya zaidi kuwa ndiye.

Mama Pindo alisimama. Alimtazama mumewe kitambo, akingoja. Alipoona hapati kitu, akaenda nyuma ya pazia, na kishindo kikaanza. Vikombe vikatikisika kabatini. Baba Pacha alishtuka, akatazama huku na huku.

"Njoo uone, mwanangu," Mama Pindo akaita.

Baba Pacha akavuta pazia mwenyewe. Aliiona pikipiki juu ya kreti, mkanda, miguu ya mama yule inapanda na kushuka. Aliinama kwenye mita, akaangalia tarakimu ya mwisho mpaka ikageuka mara tatu.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku. Ishirini na mbili," Mama Pindo akajibu, machozi yanamshuka, miguu bado inakanyaga kana kwamba haijui pa kuachia. Baba Pacha akanyoosha mkono, akalishika gurudumu kwa kiganja, likasimama.

Chumba kilipotulia alisema, "Nilikupigia simu."

"Sikusikia," Kijiko akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Baba Pacha alitazama mkanda. Hakuhitaji kuelezwa kwa nini hakusikia. Kijiko alingoja matusi, alitamani hata ngumi, lakini mwenzake alikaa tu chini, akafunika uso, na mabega yakamtikisika. "Kumbe nilikuwa naendesha vizuri," alisema ndani ya viganja. "Kumbe nilikuwa naendesha vizuri kabisa."

Mlangoni aligeuka. "Nenda ukaseme. Mimi nikienda watasema najitetea. Nenda wewe, mzee." Alimwita mzee, hakumwita mzee wake. Akaondoka.

Asubuhi Kijiko alipiga moyo konde, akaenda, mkanda wa ngozi ameukunja mfukoni. Alimkuta Bwana Usafiri peke yake, akauweka mezani, akasema yote. Alisema kuhusu chupa ya soda, thelathini, kreti, cherehani, simu mbili. Alisema vizuri, bila kujitetea, na alipomaliza alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Bwana Usafiri aliinuka, akafunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Baba Pacha anajua."

"Mzee," alisema kwa sauti yake ile ile ya chini, "unajua unachonipa? Mimi nilipanga mafuta ya kuokolea watu kwa hesabu ya cherehani. Sikwenda hata siku moja kukupima barabarani. Nikilikubali hili, yule mama nimemuua mimi. Jalada limefungwa. Liko makao makuu, lina sahihi yako."

"Ndiyo nimekuja kulifungua."

"Siwezi kukufungulia." Alichukua karatasi nyeupe na kalamu, akavisogeza mbele ya Kijiko. "Andika wewe. Andika upeleke mwenyewe. Sitakuzuia. Lakini sahau kiinua mgongo, na pengine mahakamani tutakaa benchi moja. Au nenda stoo. Kuna damu ya kufuata, na sasa hivi sina mtu."

Kijiko alichukua kalamu. Aliandika tarehe juu kulia, kwa mwandiko wake wa taratibu, akaandika na jina la hospitali. Halafu akaacha. Alikaa na ile karatasi kama robo saa, Bwana Usafiri amegeukia dirishani. Mwishowe Kijiko aliilaza kalamu, akaurudisha mkanda mfukoni, akaenda stoo.

Mtunza stoo alimpimia kwa hesabu ya arobaini na moja, lita mbili na kidogo. Cherehani haikuhitajika tena. Njia ya damu ilikuwa na urefu unaojulikana na mafuta yalitolewa kwa namba ile ile, kwa hiyo namba ilijithibitisha yenyewe kila safari, mradi Kijiko anunue iliyopungua. Alinunua kwa yule muuza petroli wa chupa, ambaye siku ya kwanza alimwonyesha simu. "Jamaa yenu aliiacha. Mbona haji kuichukua?" Kijiko aliikomboa, akampelekea. Mke wa Baba Pacha aliipokea mlangoni, pacha mmoja begani, akasema mumewe hayupo. Viatu vyake vilikuwa pale pale kizingitini.

Mama Pindo aliukatakata ule mkanda kwa mkasi wa kitambaa. Aliendelea kushona, akapika, akafua, akamwekea mumewe maji ya kuoga. Ila hakuiita tena pikipiki kwa jina lolote, na asubuhi hakuuliza imeamkaje.

Miezi ikaenda. Ikabaki sita. Siku moja Kijiko alirudi na damu ya mama mwingine wa wodi ya wazazi, nusu saa kabla ya muda aliotarajiwa. Muuguzi alikuwa yule yule. Safari hii alilifungua boksi hapo hapo, akakimbia nalo ndani, na baada ya muda akatoka akiwa na glavu bado mkononi, anatabasamu.

"Amepona," alisema. "Umemuokoa, mzee. Na pikipiki yenyewe kuukuu vile." Akatikisa kichwa. "Najua si vizuri kumsema mtu asiyekuwepo, lakini kila nikikuona nawaza. Laiti siku ile wangekutuma wewe."

Kijiko alitoa daftari la kukabidhi, akatafuta ukurasa. Ilimchukua muda kuupata.

"Saini hapa, mwanangu," akamwambia, akamwonyesha mstari.